Kuvuka Kilwa Kisiwani na mtoto mdogo: uliza maji kwanza

Saa tatu na nusu asubuhi, ufukweni chini ya magofu ya Husuni Kubwa, nilimkuta nahodha wetu amejilaza ndani ya boti, kofia usoni, na boti yenyewe imekaa juu ya tope kama kuku anayelalia mayai. Bahari iliyotuleta saa moja haikuwepo tena.

"Maji yametoka, mama," akasema bila kuinuka. "Mpaka saa saba hivi."

Mtoto wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Pampasi ilibaki moja, maji nusu chupa. Kile kigari cha kusukuma nilichokibeba kutoka Mtwara kwa majivuno kilikuwa kimezama mchangani, na kanga ya mbeleko nilikuwa nimeiacha gesti ng'ambo, Kilwa Masoko, kwa sababu si nina kigari? Tukakaa kivulini saa tatu na zaidi.

Mimi ni muuguzi, kliniki ya watoto, hapa Mtwara mjini. Kutwa nawaeleza wazazi habari za homa, kuharisha na uzito. Lakini kwetu ni Newala. Kule juu tunaujua ukungu na tunajua kuhangaikia ndoo ya maji. Bahari nimeijua ukubwani. Safari ile niliipanga kama ninavyopanga zamu: tarehe, saa, malipo, kwisha. Tangu hapo nimevuka tena mara nne na yule yule mtoto, na kina mama wa kliniki wakisikia wananiuliza nafanyaje. Majibu yangu yote nayaweka hapa.

Raha ya Kisiwani ni kwamba hakuna magari. Mtoto akikuponyoka anakimbilia mbuzi, hakimbilii barabarani. Shida ya Kisiwani ni hiyo hiyo: mtoto akichoka, akipandwa na homa, au mvua ikikushika mbali, hakuna bajaji ya kuita. Unabaki na chombo cha baharini na mgongo wako. Chombo kinafuata maji, mgongo unafuata usingizi wa mtoto, nawe hapo katikati ndipo unapanga likizo.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi, tazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huwa bamvua: yanajaa sana na kutoka sana, tofauti yake pwani yetu huweza kupita mita 3. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Haya kila mvuvi anayajua. Mimi jambo lililonikosesha ni saa. Siku za bamvua huku kwetu maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hutoka kabisa karibu saa nne asubuhi. Siku za maji mafu mambo yanageuka: saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake.

Sasa weka ratiba ya mtoto juu ya hiyo. Wa umri huu anaamka saa kumi na mbili, ana nguvu mpaka saa tano, halafu analala. Ukienda siku ya bamvua, saa zake nzuri zote ndizo saa ambazo bahari imekimbia: mahali pasipo na gati mnashukia mbali na kutembea kwenye tope, na magamba makali na urumba, wale wa baharini wenye miiba, wanakusubiri. Ukienda maji mafu, asubuhi yote bahari iko karibu, imetulia, na mkondo wa maji pale katikati ya Masoko na Kisiwani hauna nguvu sana. Wapo watakaosema bamvua ndiyo tamu, kwa sababu miamba inatoka na mnaokota makome kwenye madimbwi. Ni kweli kwa mtoto wa miaka sita. Wa miaka miwili atakanyaga urumba kabla hujamaliza kusema "angalia". Mimi nahesabu siku ya saba mpaka ya tisa tangu mwezi kuandama, au siku ya ishirini na mbili mpaka ya ishirini na nne, na ndani ya hizo ndipo naomba likizo kazini.

Kuhusu msimu, wengi mnaenda Juni na Julai shule zikifungwa. Hakuna mvua, joto limepungua, mbu nao wamepungua kidogo. Ila hicho ni kipindi cha kusi, upepo wa kusini, na kusi huamka na jua: asubuhi bahari ni mkeka, saa nane mawimbi yanarukia ndani ya boti. Vuka kabla ya saa tatu, na kurudi usikuache mpaka mchana mkali; kama mmechelewa, msubiri upepo ulale au mlale huko huko. Kama nyumbani hakuna mwanafunzi, kwa nini mbanane na wenye shule? Mwishoni mwa Septemba na Oktoba, kusi ikiisha na kaskazi haijaanza, ndiyo maleleji, bahari inatulia na mvua yetu ya Desemba bado. Aprili na Mei sishauri kabisa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara ya kwenda Dar es Salaam kule Somanga, na magari yakakwama na abiria wao.

Njia ya kufika ni rahisi. Kutoka Mtwara au Lindi unapanda basi la Dar, unashuka Nangurukuru, unachukua gari dogo mpaka Kilwa Masoko. Mara ya kwanza laleni Masoko, mvuke asubuhi kwa kushinda tu. Kulala kisiwani iwe mara ya pili, mtoto akishaizoea boti. Kibali cha kuingia kwenye magofu kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, kwa hiyo kishughulikieni jana yake. Nimeona familia ikipoteza saa nzuri yote ya asubuhi ofisini, mtoto analia, maji yanatoka.

Gesti niliwahi kuhakikishiwa kwa simu kwamba chandarua kipo. Kweli kilikuwepo. Kilikuwa na tundu la kupita paka. Siku hizi nasafiri na changu chenye dawa, na kamba mita tatu ya kukifungia popote.

Kwenye boti, kina mama wenzangu, hapa naomba mnisikilize hata kama hamtaki. Usimfunge mtoto mbeleko ukiwa majini. Najua, ndivyo tulivyolelewa, mgongoni ndipo mtoto anatulia. Lakini chombo kikipinduka, mtoto aliyefungwa kwako anaenda unakokwenda wewe, uso wake ukiwa majini au uko chini yako, na kanga iliyolowa haifunguki kwa mkono mmoja. Jaketi okozi lako nalo halikai sawa juu yake. Mpakate, kila mtu na jaketi lake. Na la mtoto liwe la mtoto kweli, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Lijaribuni mkiwa bado nchi kavu: mvalishe, funga vyote, kisha shika jaketi mabegani ulinyanyue. Likipanda mpaka masikioni na kidevu kikazama ndani, ni kubwa, baharini litamvuka. Boti nyingi zina ya watu wazima tu. Mimi nilinunua la kwangu, na mwanangu anadhani ni nguo ya sikukuu.

Nchi kavu ndipo kanga inarudi kazini. Mbili, moja ya kubebea na moja ya kivuli, na kigari kibaki nyumbani.

Kisiwani mtu hukimbilia kuona kila kitu, nami nilikimbilia. Sasa naona sehemu moja kwa siku. Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya baadaye na Waomani, iko pale pale karibu na maji. Wanaoijua lugha wanasema neno lenyewe gereza lilitoka kwenye neno la Kireno la kanisa, jambo ambalo sijui nimweleze vipi mtoto. Kutoka hapo unatembea kidogo tu unafika Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11, na ile yenye kuba nyingi iliongezwa karne ya 14. Kwa mtoto wa miaka miwili hakuna uwanja wa michezo uliowahi kujengwa vizuri hivi: nguzo nyingi, kivuli, sakafu anayoweza kukimbilia, na mwangwi. Wangu alicheza kujificha nguzo hadi nguzo karibu saa nzima. Ibn Battuta alipopita Kilwa mwaka 1331 aliusifia mji huu. Mwanangu alichosifia ni mjusi. Muwe wapole tu. Ni msikiti, na ni ukuta wa mawe ya matumbawe wa miaka mamia. Mtoto asipande juu yake, wala asing'oe vijiwe.

Husuni Kubwa ndiyo ile iliyotufunga. Ni jumba la kifalme la karne ya 14, vyumba zaidi ya 100, na lile birika la pembe nane ambalo lazima mmoja wenu amshike mtoto mkono huku mwenzake anapiga picha, kwa sababu jengo liko juu ya genge na kingo hazina uzio. Kwa miguu kutoka Gereza ni kama kilomita 2. Mtu mzima nusu saa. Mtoto anayesimama kila akiona siafu, saa moja na nusu kama bado hajaomba kubebwa. Kwa boti ni karibu, lakini mnajua sasa cha kumuuliza nahodha kabla hamjaondoka: "Tukitoka huko saa fulani, maji yatakuwepo?" Na akijibu "Inshallah", uliza tena.

Mkipita kijijini, piga hodi, amkia. Shikamoo moja ya mtoto wa miaka miwili kwa bibi aliyekaa barazani ilitupatia mkeka, kivuli cha mwembe, na mahali pa kulaza mtoto saa sita, bila hata kuomba. Usingizi ule wa mchana ndio niliokuwa nauwazia kuliko magofu yote. Mtoto akiukosa, alasiri hamtakuwa na safari, mtakuwa na msiba.

Chakula hakina tabu: wali wa nazi, samaki aliyetolewa miba kwa mkono wako, viazi vitamu, uji kwenye chupa ya chai. Tahadhari yangu ni moja, na ni aibu ya sisi watu wa kusini kwa sababu tunajivunia: korosho. Nzima nzima si chakula cha mtoto wa chini ya miaka mitatu, minne hata. Inateleza kwenye njia ya hewa vizuri kabisa. Isage uweke kwenye uji. Ubuyu wa rangi nao vile vile, zile mbegu zimenitia jasho kliniki.

Maji ya kunywa bebeni ya kutosha siku nzima na nusu yake, kwa hesabu ile ile ya boti kukwama. Pampasi chafu zirudi Masoko na nyinyi.

Mfuko wangu wa dawa ni mdogo: kipimajoto, paracetamol ya maji yenye kipimo cha uzito wake nilichokiandika kwenye chupa, na pakiti tatu za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini. Pakiti moja inaingia kwenye lita moja kamili ya maji salama. Usiigawe kwa macho kwenye kikombe, ikizidi chumvi inamdhuru. Akiharisha, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Akitapika kila kitu, akilegea, akishtuka degedege, au akiharisha damu, hapo usisubiri asubuhi. Kwa sababu hiyo, kama mnalala kisiwani, makubaliano ya boti ya usiku yafanyike mchana: namba ya nahodha, analala nyumba gani, mafuta yapo, na saa ngapi usiku huo maji yatakuwa yametoka. Mume wangu huona nazidisha. Anaenda kuuliza hata hivyo.

Na mkisharudi, safari haijaisha kwangu mimi muuguzi. Lindi na Mtwara bado malaria ipo, na mtoto aliyeumwa na mbu jana haonyeshi kitu leo. Homa huja baada ya wiki moja au mbili, wakati nyie mmeshafua nguo na kusahau. Ikipanda ndani ya mwezi ule, usiseme ni meno. Mleteni siku hiyo hiyo apimwe, na mkiingia tu mlangoni mtuambie mlilala wapi.