Bostaph alipokalia kiti cha Lombardo: kuisikiliza upya Divine Intervention

Divine Intervention, albamu ya bendi ya Kimarekani ya Slayer, inafunguliwa na dramu. Mwimbaji Tom Araya hajaimba hata silabi moja, na mtu ambaye hajawahi kurekodi albamu ya studio na Slayer anapiga mbele ya wote, kama mkwe mpya aliyeambiwa ghafla na wazee aombee chakula. Wimbo ni "Killing Fields", mwaka ni 1994, na mkwe mwenyewe ni Paul Bostaph.

Mimi hufundisha dramu hapa Nairobi na hurekodi bendi. Wanafunzi wangu wengi hutoka kanisani, maana huko ndiko kijana wa mji huu anapata seti ya dramu asiyolazimika kuinunua. Jumapili anapiga sifa na kuabudu, Jumatatu anakuja kwangu na simu imejaa thrashi, ile metali ya kwenda kasi. Mmoja wao aliniuliza majuzi, hata kabla hajakaa: "Ticha, si uniambie tu ukweli. Bostaph aliharibu Slayer ama?"

Nikamwambia akae kwanza.

Aliyemwachia Bostaph kiti alikuwa Dave Lombardo, mzaliwa wa Havana, aliyepiga albamu ya Slayer ya Reign in Blood ya 1986: nyimbo 10 ndani ya kama dakika 29, bila nafasi ya kupiga chafya. Alishawahi kuondoka kidogo baada ya albamu hiyo. Tony Scaglione wa bendi ya Whiplash akashika nafasi yake kwenye ziara, kisha Lombardo akarudi 1987. Mwaka 1992 akaondoka tena, na safari hii ikawa ya miaka. Bostaph alitoka Forbidden, bendi ya maeneo ya San Francisco, na mwaka huohuo alikuwa Donington, Uingereza, akipiga na Slayer kwenye tamasha la Monsters of Rock. Hakupewa muda wa kuzoea.

Sasa, ili kumjibu kijana, lazima nieleze mpiga dramu wa thrashi anafanya kazi gani hasa, kwa sababu wengi hudhani kazi yake ni kwenda mbio.

Chukua kasi ya midundo 210 kwa dakika. Kiki na snea zinapokezana, taka-taka-taka, na kila pigo linafuatwa na lingine baada ya milisekunde kama 143. (Kiki ninayosema hapa ni ngoma ya mguu, na snea ni ile ndogo ya mkono yenye mlio wa kupasua; si kiki ile wasanii wetu wanayoitafuta kila wanapotaka kutoa wimbo.) Miguu yote miwili ikijaza nafasi zote ndogo, unapata mapigo 14 kwa sekunde, 7 kwa kila mguu. Hiyo ni kazi ya mwili, na mtu mwenye bidii akijifungia miaka mitatu ataifikia. Wako vijana Nairobi hii wanaoiweza.

Lakini ndani ya zile milisekunde 143 kuna nafasi. Snea inaweza kufika kidogo tu kabla, ikaonekana kama inalivuta gitaa kwa kola. Inaweza kufika palepale kwenye mstari. Inaweza kuchelewa unywele mmoja, na wimbo uleule ukawa mzito bila kasi kubadilika. Tofauti ya milisekunde 10 huwezi kuihesabu kwa sikio, ila utaihisi shingoni, hasa ukiwa mtu wa kutikisa kichwa.

Kwetu Kakamega jambo hili halihitaji metronomu. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mchezo wake uko mabegani. (UNESCO iliiandika mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na anayehudhuria matanga ya siku hizi, ambako spika za kukodi ndizo zinazokesha, anajua kwa nini.) Nikiwa mdogo, usiku mmoja matangani, mzee aliyekuwa na ngoma kubwa alichoka akampisha mpwa wake. Mchezo haukusimama. Kasi ilikuwa ileile, wimbo uleule, na hakuna aliyesema neno. Lakini mabega ya akina mama yalibadilika. Walikuwa wakiyarusha kwa mviringo, sasa wakawa wanayakata. Mpwa hakukosea pigo hata moja.

Kwa Slayer, mabega ni wapiga gitaa, Kerry King na Jeff Hanneman.

Sikiliza Lombardo kwenye Reign in Blood, au hata kwenye Seasons in the Abyss ya 1990 ambako kasi imetulizwa sehemu nyingi. Kwa sikio langu snea yake inakaa mbele kidogo, na anapozunguka ngoma zote kwa mikono hufika mwisho wa mzunguko akiwa amebakiwa na nafasi kiduchu, halafu anaangukia pigo la kwanza kama mtu aliyeruka mtaro wa maji ya mvua akatua ukingoni. Unashika pumzi. Magitaa yanamfuata kwa hofu tamu, na ule mwendo wa kama-tutaanguka ndio watu wanaouita "ukali" wa Slayer. Wanadhani umetoka kwenye gitaa.

Bostaph hana mtaro. Anapozunguka, unamwona ameshahesabu hatua tangu mbali, na anatua katikati ya kigae. Wakosoaji wake huliita jambo hilo ubaridi. Mimi naliita hesabu, na hesabu hiyo hakuianzia Slayer. Sikiliza Twisted into Form ya Forbidden, ya 1990, muziki wenye kona nyingi na vipimo vinavyogeuka katikati ya sentensi. Mtu aliyelelewa kwenye kona hizo hawezi kupiga kwa kubahatisha, la sivyo bendi nzima inaingia mtaroni. Alipoingia Slayer aliingia na tabia yake ya nyumbani.

Athari yake unaisikia "Dittohead", wimbo wa dakika mbili na nusu hivi. Kasi ni ya kutisha, na bado kila pigo la mguu liko wazi kama punje za mahindi kwenye gunzi. Magitaa nayo yamebadilika: yanakata. King na Hanneman hawana tena mtu wa kumkimbilia, wana ukuta wa kuuegemea, kwa hiyo rifu, yale mafungu ya gitaa yanayojirudia, zinakuwa fupi na zenye ncha. Kwenye wimbo wenye jina la albamu, unaozidi dakika 5 na kwenda taratibu zaidi, ukuta huohuo unakuwa mali: mapigo ya Bostaph yana uzito sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na Araya anapata mahali pa kusimama apige kelele zake.

Je, kuna kilichopotea? Kimepotea. Ile hofu tamu haipo. Siwezi kumdanganya mwanafunzi.

Ila kuna jambo ambalo mashabiki hawalisemi, na ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 1994 hakubadilika mpiga dramu peke yake. Andy Wallace, mhandisi wa sauti wa Reign in Blood na mmoja wa waliotayarisha Seasons in the Abyss, hayumo. Rick Rubin, mtayarishaji wao wa zamani, yumo kwa cheo cha juu tu, na jina unalolikuta kwenye kazi yenyewe ya mezani, ya kurekodi na kuchanganya sauti, ni Toby Wright. Sauti ya albamu ni kavu. Snea ina ncha lakini haina tumbo, kiki inagonga kama kidole kwenye meza ya mbao, na matoazi yamekaa juu ya kila kitu kama vumbi la Januari. Msikilizaji anasikia ukavu, anaangalia jalada, anaona jina geni kwenye dramu, na kesi imekwisha. Mtu amehukumiwa kwa kosa la maikrofoni.

Najua jinsi inavyotokea kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kumponza mtu hivyo. Bendi moja ilikuja kurekodi na mpiga dramu mpya, kijana mpole wa kwaya. Siku ya pili mpiga gitaa akanivuta kando: "Boss, huyu hana mkono. Sikia snea ilivyo nyepesi. Yule wa kwanza alikuwa anapasua." Nikatikisa kichwa kukubali, nisameheni, kwa sababu kwenye spika snea ilikuwa kama bati la uji.

Usiku nikabaki na zile rekodi. Snea huwekewa maikrofoni mbili, moja juu na moja chini. Fimbo ikigonga, ngozi ya juu inakimbia maikrofoni yake, na ya chini inasukumwa kuelekea maikrofoni ya pili. Mawimbi mawili yanakwenda kinyume. Ukiyajumlisha bila kugeuza moja, yanakulana, na kinacholiwa kwanza ni ule unene wa chini. Kwenye kila mtambo kuna kitufe cha kuligeuza wimbi, na mimi sikukibonyeza. Nilikibonyeza saa nne usiku, na mkono wa kijana ukarudi palepale. Kesho yake niliwaeleza wote kosa lilikuwa la nani. Kijana alicheka. Mpiga gitaa hakucheka.

Sidai kwamba hilo ndilo lililotokea kwa Slayer; pale ninasikia uchaguzi wa makusudi, watu waliotaka sauti ya karibu isiyo na mwangwi. Nasema tu sikio la msikilizaji halina macho. Linasikia badiliko moja lenye sababu mbili na kumpa lawama yule anayefahamika kwa jina.

Wanunuzi wa Marekani hawakusubiri mjadala huu. Albamu iliingia chati ya Billboard 200 ikiwa nambari 8, wakati magazeti ya muziki yalikuwa yakiiandikia metali tanzia. Kisha kiti kikawa cha kupokezana. Bostaph aliondoka 1996, akarudi akapiga Diabolus in Musica ya 1998 na God Hates Us All ya 2001, akaondoka tena kwa maumivu ya kiwiko. Lombardo akarudi hadi 2013. Bostaph akarudi tena, akapiga Repentless ya 2015. Na kama unataka kuwapima bila kelele za mashabiki wa Slayer, waache Slayer kabisa, nenda kwa Testament, bendi nyingine ya thrashi: Lombardo yuko kwenye The Gathering ya 1999, Bostaph kwenye The Formation of Damnation ya 2008. Bendi ni moja, mwimbaji ni mmoja. Hapo ndipo utasikia mtaro na kigae bila kupepesa.

Nimeona hapa kwetu watu wakilitatua suala hili kwa njia fupi. Duma, wale vijana wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, hawakutafuta mpiga dramu, mapigo wakayapanga kwenye mashine. Ni kazi ninayoiheshimu, na majirani zangu wanaichukia.

Mwanafunzi wangu alinisikiliza yote haya akizungusha fimbo. Halafu akaniomba nimwekee "Killing Fields" kwenye spika kubwa. Nilimpunguzia sauti za juu kidogo, nikaongeza za chini kuzunguka snea, jambo ambalo mtu wa heshima haifanyii albamu ya wenyewe. Ule mwanzo wa dramu ukapita. Akaomba nirudishe. Mara ya tatu nikaacha kutazama spika nikamtazama yeye: mabega yalikuwa yanakata.