Wimbi la joto ni nini, na Oktoba ya Tabora imo?

Mwezi wa kumi Tabora hauhitaji kutangazwa. Nyasi zimekauka hadi mizizi, vumbi limetanda juu ya majani ya miembe, na ikifika saa nane mchana hata bodaboda wanaogombea abiria asubuhi wanakuwa wamejibanza kivulini, hawamwiti mtu. Kila mwaka wakati huu utasikia watu wakisema tumepigwa na wimbi la joto. Mara nyingi si kweli. Ni Oktoba tu inafanya kazi yake.

Wimbi la joto ni kipindi cha siku kadhaa mfululizo ambapo joto la mahali fulani, mchana na usiku, linapanda mbali juu ya kile kilichozoeleka mahali hapo kwa majira hayo. Siku moja ya jua kali haitoshi. Joto lililozoeleka, hata likiwa kali namna gani, nalo haliingii. Ndiyo maana hakuna namba moja inayotumika dunia nzima. Kipimo kimoja kilichotumika sana kwa miaka mingi kilisema: siku 5 mfululizo ambazo joto la juu linazidi wastani kwa nyuzi 5 za sentigredi. Nchi nyingine zina vipimo vyao. Kule London, siku 3 mfululizo zenye nyuzi 28 zinatosha kuitwa wimbi la joto. Nyuzi 28 kwa Tabora ni mchana wa Julai, wakati watu bado wanaamka na masweta asubuhi.

Sasa piga hesabu ya hapa. Wastani wa joto la juu la Oktoba Tabora hucheza kwenye nyuzi 32 hivi. Kwa kipimo kile cha nyuzi 5, mji ungehitaji siku 5 zenye 37 kwenda juu ndipo tuseme wimbi limefika. Kumbuka pia kwamba namba zinazosomwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu kilichoinuliwa juu ya nyasi. Anayefyatua matofali juani yuko kwenye joto jingine kabisa, kali kuliko lile la redioni.

Kwa nini Oktoba, wala si Januari kama wanavyolalamika watu wa Dar es Salaam? Tabora na Kigoma ziko karibu digrii 5 kusini mwa ikweta, na jua linalosafiri kwenda kusini hupita juu ya utosi wetu mwanzoni mwa Oktoba. Hupita tena mwanzoni mwa Machi likirudi kaskazini, lakini Machi haituchomi vile. Tofauti ni maji. Mvua za huku ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo Machi ardhi imelowa, kuna mawingu, na sehemu kubwa ya nguvu ya jua inaishia kukausha udongo na majani. Oktoba hakuna cha kukausha. Nguvu yote inaingia kwenye mchanga, mawe na bati, na vyote hivyo vinaturudishia sisi. Mvua zikichelewa hadi Novemba inakwisha, hali hiyo inaendelea kujikusanya, na hapo ndipo wimbi la kweli linapoweza kutokea.

Kigoma iko umbali wa safari ya treni ya Reli ya Kati, lakini joto lake ni la namna nyingine. Mji uko chini zaidi ya Tabora kwa mamia ya mita, na Ziwa Tanganyika linajaza hewa unyevu. Ili kuelewa unyevu unafanya nini, angalia mtungi wa maji. Mtungi unapoza maji kwa sababu yanapenya kwenye udongo wake na kukauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Hewa ikiwa kavu, unapoza vizuri sana. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, maji yanabaki vuguvugu. Mwili wenye jasho ni hivyohivyo. Wataalamu wana jedwali la kuunganisha joto na unyevu: nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 40 mwili unazihisi kama 33, lakini nyuzi zilezile 32 zenye unyevu wa asilimia 70 zinahisiwa kama 41. Na hizo ni hesabu za kivulini.

Usidhani basi kwamba hewa kavu ya Tabora ni salama. Jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo unapoteza maji bila kulowa shati. Mtu anafika jioni kichwa kinamgonga, mkojo umekuwa wa njano iliyokolea, naye anaapa hakutoka jasho siku nzima.

Jambo ambalo watu hulisahau ni usiku. Mwili uliohangaika mchana unahitaji saa kadhaa za kupumzika, na moyo ndio unaohitaji zaidi, kwa sababu ndio uliokuwa ukisukuma damu kwenye ngozi ili ipoe. Wimbi la joto linadhuru hasa pale usiku unapokataa kupoa, na madhara hujikusanya: siku ya tatu ni mbaya kuliko ya kwanza hata kama namba ni ileile. Uwanda wa juu wa Unyamwezi, yaani huku Tabora, una bahati hapo, hewa kavu na anga wazi huachia joto liondoke likiingia giza. Kando ya ziwa, maji yenyewe hubaki na joto la nyuzi 25 au zaidi, kwa hiyo usiku haushuki sana. Tena wavuvi wa dagaa wa Kigoma wanafanya kazi usiku kwa taa na kulala mchana. Saa za wengine kupumzika wao wako majini, na saa zao za kulala ndizo zenye joto kali kuliko zote. Sijawahi kusikia tangazo la afya linalowakumbuka.

Hapo ndipo ninapogombana na ushauri mwingi unaosambazwa kwenye simu. Unasema: kaa ndani, funga madirisha, shusha mapazia. Ushauri huo umetoka kwenye nchi za nyumba zenye kuta nene. Nyumba ya bati lisilo na dari, saa nane mchana, inaweza kuwa na joto kuliko nje. Mzee aliyelazwa humo kwa kumhurumia anaokwa. Mtoe, mweke chini ya mwembe upepo umfikie. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumba kisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku, na kwa nyumba nyingi zetu njia ya kukaribia hapo ni dari, hata ya turubai au mikeka, madirisha yanayotazamana, na bati lililopakwa rangi nyeupe.

Vilevile kumwambia mama anayeanika dagaa kule Kigoma, Katonga au Kibirizi, aache jua la saa sita ni kumwambia aache kazi, maana jua ndilo analolitegemea. Linalowezekana ni kanga iliyoloweshwa kichwani na mabegani, viatu vya kuzuia mchanga unaochoma, kupokezana kugeuza, na kunywa maji kidogokidogo kabla kiu haijafika. Kwa kazi zisizofungwa na jua, kama kuandaa vitalu vya tumbaku au kuchimba msingi, anza alfajiri, acha kuanzia saa sita hadi saa kumi, malizia jioni. Bia haihesabiki kama maji, inakukojoza zaidi.

Mtu anayechoka kwa joto hutoka jasho jingi, huumwa kichwa, huona kizunguzungu, kichefuchefu, au misuli kukaza. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mloweshe, mpepee, mpe maji au maji ya ORS. Kama hamna pakiti, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Wengi hupata nafuu ndani ya saa moja.

Kiharusi cha joto ni kingine. Joto la mwili linapita nyuzi 40 na akili inavurugika: anaongea ovyo, hatembei sawa, anapata degedege au anazimia. Huyo anaweza kufa au kubaki na madhara ya kudumu. Usimnyweshe kitu akiwa hajitambui. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, hasa shingoni, kwapani na kwenye nyonga, huku usafiri wa kwenda hospitali ukitafutwa. Kupoza kuanze palepale, gari lije baadaye.

Huku kwetu kuna mtego mmoja. Mwili wa moto na maneno ya kuchanganyikiwa, kila mtu anasema malaria imempanda kichwani, anapewa panado na kufunikwa blanketi. Inaweza kweli kuwa malaria, mikoa hii inayo nyingi, na kipimo ni lazima. Lakini panado haishushi joto la kiharusi cha joto, na blanketi linaliongeza. Mtu aliyeanguka akitoka shambani mchana, mpoze kwanza kisha apimwe.

Watoto wachanga wanafungwa mgongoni na shuka mbili juu ya sweta, hata Oktoba. Wapunguzieni. Aliye chini ya miezi 6 aongezewe kunyonyeshwa, asipewe maji, na mama yake ndiye anywe. Wazee hawahisi kiu kama zamani, na wanaotumia dawa za presha za kuongeza mkojo wanakauka upesi. Wasiziache wenyewe, wamuulize daktari.

Ukisikiliza utabiri, usiishie kwenye joto la juu. Sikiliza na lile la chini. Tabora, la Oktoba huwa karibu na nyuzi 20. Likianza kukaa juu ya hapo kwa nyuzi 3 au 4 usiku baada ya usiku, na mchana nao umepanda, hiyo si Oktoba ya kawaida tena, na kazi ya kwanza ni kwenda kumwangalia bibi anayelala peke yake kwenye chumba cha bati.