Fildi ya benki ya uwekezaji: ifuate shilingi mpaka uione inapotua

Mwezi Machi mwaka jana alikuja ofisini kwetu, Posta, kwenye idara ya benki ya uwekezaji, inayosaidia kampuni kuuza hisa, kukopa na kununuana, mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesomea uhasibu, akiomba nafasi ya fildi. Baada ya shikamoo na habari za chuo nikamuuliza swali ambalo kila anayejiandaa na kazi hii amelikariri: uchakavu wa mashine ukiongezeka kwa shilingi milioni 10, nini kinatokea kwenye taarifa tatu za fedha, yaani ya mapato, ya mtiririko wa fedha na mizania?

Alijibu bila kusitasita. Faida kabla ya kodi inashuka 10. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo kodi inapungua 3 na faida halisi inashuka 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hasi 7, unairudisha ile 10 kwa sababu uchakavu hautoki mfukoni, taslimu inapanda 3. Kwenye mizania taslimu imeongezeka 3, mashine zimepungua 10, mtaji wa wanahisa umepungua 7. Pande mbili zinalingana.

Nikamuuliza, "Na TRA inatumia uchakavu wa nani?"

Kimya.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi wazuri wanapokwama. Jibu lake lilikuwa sahihi kwa namna swali lilivyoandikwa kwenye miongozo ya usaili ya Marekani, ile inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya vyuo. Miongozo hiyo hurahisisha mambo: inachukulia kwamba uchakavu wa kwenye vitabu ndio uchakavu wa kodi. Katika hali halisi, mhasibu wa kampuni anaweza kuamua leo kwamba mashine itadumu miaka minane badala ya kumi, uchakavu ukapanda, lakini mtoza kodi hamfuati. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ina viwango vyake: kompyuta asilimia 37.5, samani za ofisi 12.5, majengo 5. Mhasibu akibadilisha makadirio yake, viwango hivyo havitikisiki.

Sasa ifuate shilingi. Kodi unayoilipa TRA mwaka huu haijabadilika hata senti moja, kwa hiyo taslimu haijapanda 3. Imebaki palepale. Ile 3 iliyopungua kwenye gharama ya kodi imepita kwenye kodi iliyoahirishwa, yaani kodi ambayo vitabu vimeihesabu lakini TRA wataidai miaka ijayo. Kwenye mizania mashine zimeshuka 10, deni la kodi iliyoahirishwa limeshuka 3, mtaji wa wanahisa umeshuka 7. Bado pande mbili zinalingana, ila kwa njia nyingine kabisa. Anayeliona hili nampa kazi ya kujenga modeli ya fedha, lile jedwali la makadirio ya kampuni, wiki ya kwanza. Asiyeliona bado nitamfundisha, lakini atatumia nusu ya fildi yake kujifunza kitu ambacho angeweza kukisoma akiwa hosteli.

Angekisoma wapi? Kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote ya uzalishaji iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Ripoti hizo zinapatikana mtandaoni bure, na karibu kila moja ina ukurasa wa maelezo ya kodi iliyoahirishwa ambao watu huuruka. Ushauri wangu ni kuchagua kampuni moja na kukaa nayo mwezi mzima. Tafadhali usianze na benki. Najua NMB na CRDB ndizo hisa zinazozungumzwa mpaka kwenye daladala, lakini kwa benki amana za wateja ndiyo malighafi, deni haliwezi kutenganishwa na biashara yenyewe, na njia za kawaida za kuthaminisha kampuni hazikai sawa. Anza na saruji au bia. Twiga au TBL. Pale unaona mzigo ghalani, unaona wadaiwa, unaona tanuri likichakaa. Chukua kalamu, chagua mstari mmoja wa mwaka huu na ule wa mwaka jana, ueleze ulivyobadilika kwa kutumia namba nyingine zilizo kwenye ripoti hiyohiyo. Mashine za mwanzo wa mwaka, ongeza zilizonunuliwa, toa uchakavu, toa zilizouzwa: umepata za mwisho wa mwaka? Kama hukupata, kuna kitu hujakisoma.

Baada ya hapo zijue kazi zilizofanyika nchini, yaani mauzo ya hisa, ununuzi wa kampuni na hati fungani. Soko letu ni changa. DSE ilianza biashara mwaka 1998 na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL. Uchanga huo unakusaidia, maana mtu mmoja anaweza kuzijua karibu kazi zote kubwa kwa undani. Tuchukue toleo la hisa la Vodacom Tanzania la mwaka 2017. Sheria ilizitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa kwa umma. Hisa ziliuzwa kwa shilingi 850 na toleo likakusanya shilingi bilioni 476. Zidisha kwa nne, kampuni nzima ilithaminishwa kwa takriban shilingi trilioni 1.9. Sasa jiulize: bei ile ilitoka wapi, na kwa nini muda wa mauzo ulibidi uongezwe na wawekezaji wa nje wakaruhusiwa kuingia? Waraka wa matarajio, ule kampuni inaoutoa kwa wanunuzi inapouza hisa, una majibu ya swali la kwanza. La pili linahitaji ufikirie ukubwa wa akiba ya Watanzania ukilinganisha na bilioni 476, na nafasi ya mifuko ya pensheni kwenye soko letu.

Au chukua Twiga na Tanga, ambayo mimi naipenda zaidi kuifundishia. Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni mama ya Twiga iliyo chini ya Heidelberg ya Ujerumani, ingenunua asilimia 68.33 ya Tanga Cement kutoka AfriSam. Tume ya Ushindani ikaidhinisha. Septemba 2022 Baraza la Ushindani likaitengua idhini, hoja ikiwa sehemu ya soko ambayo kampuni mbili zingeishika pamoja. Kisheria, kuvuka asilimia 35 kunatosha kuhesabiwa mwenye nguvu sokoni. Hata hivyo, mwaka 2023 ununuzi ukakamilika, na mwaka 2024 hisa nyingi za Tanga zikaenda kwa Amsons. Kazi moja ina bei, ina sheria, ina ushindani, ina siasa ya saruji. Mwanafunzi anayeweza kunisimulia kwa dakika tatu nani alitaka nini, na nani alibeba hatari ipi kwa kila mwezi uliopita bila jibu, huyo nitamkumbuka.

Za hati fungani, yaani mikopo inayochukuliwa kwa wawekezaji, nitazipitia haraka: ijue Kijani ya CRDB ya mwaka 2023 iliyolenga bilioni 40 ikakusanya zaidi ya bilioni 171, na uwe tayari kueleza kwa nini bei ya hati fungani inashuka riba zikipanda. Excel nayo utaijua kwa kuitumia. Andika hesabu za kampuni yako kwa mkono wako mwenyewe, seli kwa seli, usipakue modeli ya mtu.

Suala la muda linaniuma. Fildi za vyuo vyetu vingi ziko kati ya Julai na Septemba, na kila mwaka bahasha za barua za chuo zinaanza kufika mezani kwetu mwezi Juni. Idara kama yetu ina watu wachache kuliko abiria wa Hiace moja. Nafasi ni mbili, mwaka mwingine ni moja, na kufikia Aprili mara nyingi tumeshajua tunamchukua nani. Barua ya chuo ni ya kukamilisha utaratibu. Kinachokupa nafasi ni ujumbe ulioutuma Januari au Februari. Uwe mfupi: salamu, unasoma nini na wapi, kampuni uliyoisoma, na kitu kimoja ulichokiona ndani yake. Ambatisha ukurasa mmoja wa wasifu na ukurasa mmoja wa uchambuzi wako. Mtu anayeniandikia "naomba nafasi yoyote, Mungu akubariki" ananipa kazi ya kumtafutia mahali, na sina muda wa kuifanya. Usiishie kwenye mabenki tu. Madalali wa soko la hisa wenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, kampuni za ushauri wa kodi na ukaguzi, na mifuko ya pensheni, kote huko kazi hii inafanyika kwa sura tofauti. Na kama DSE wakitangaza shindano lao la uwekezaji kwa wanafunzi, ingia. Kupoteza pesa za mfano kunafundisha.

Wanaolenga New York au London wajue kalenda ni nyingine kabisa. Benki kubwa za kule hufungua maombi ya mafunzo ya kiangazi mapema sana, New York mara nyingi zaidi ya mwaka mmoja kabla, kwa hiyo mwanafunzi anayeanza kujiandaa mwaka wa tatu ameshachelewa. Kule lile jibu la taslimu kupanda 3 ndilo watakalolitarajia. Litoe, kisha ongeza sentensi moja kuhusu kodi iliyoahirishwa.

Jambo la mwisho hakuna anayeliuliza kwenye usaili, lakini limeshawahi kuharibu kazi ya watu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ofisi nyingine, kijana wa fildi alipiga picha meza yake na kuiweka status, akiwa na furaha ya siku ya kwanza. Nyuma ya kikombe cha chai kulikuwa na karatasi yenye jina la mteja na neno "ununuzi". Ile picha ilikaa dakika arobaini. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 inakataza kutumia taarifa za ndani kufanya biashara ya hisa, na yeyote aliyeiona ile picha angeweza kununua asubuhi iliyofuata. Kijana hakuwa na nia mbaya, ila hakuna aliyemwambia mapema. Fildi yake iliishia siku hiyo. Kwa hiyo nakwambia mapema: jina la mteja halitajwi kwenye mwendokasi, halitajwi kwa mchumba, halitajwi kwa mama. Ukiulizwa nyumbani unafanya nini huko Posta, jibu "nasoma hesabu za makampuni."

Yule mwanafunzi wa Machi alirudi Jumatatu iliyofuata na ripoti ya Twiga iliyochapishwa, ukurasa wa kodi iliyoahirishwa umekunjwa pembeni. Alikuwa na swali: deni hilo likiendelea kukua kila mwaka kampuni inaponunua mashine mpya, je, tunapaswa kulihesabu kama deni la kweli tunapothaminisha kampuni? Tulikaa nalo saa nzima. Alianza Julai.