Kadi ya grafiki ya zamani na video za sa hivi: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Jirani yangu ana banda umiza, kompyuta yake ni desktopu ya mtumba yenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, na juzi kati kauziwa kadi ya grafiki ya GB 4 akahakikishiwa kwamba sasa itacheza kila kitu. Jumamosi banda limejaa, kachomeka flashi, kafungulia muvi, sauti inaenda picha imeganda, inaruka, inaganda tena, feni inavuma mpaka nje, watu wakaanza kudai hela zao. Kesho yake nikaenda kuangalia, nikakuta jina la faili linaishia na x265 10bit. Nikachukua muvi nyingine kwenye flashi ileile, 1080p vilevile ila ya x264, ikateleza kama maji na prosesa haikufika hata robo. Kadi ileile, programu ya kuchezea video ileile, VLC, dakika tano hazijapita.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, mana wakiona hivo wanasema kadi ya zamani haiendani na programu mpya. Sio kweli. Programu mpya inakubali vizuri tu, VLC 3 mpaka Windows XP inaingia. Shida ni kwamba ndani ya kadi kuna kijisehemu cha chipu ambacho kazi yake ni moja, kufungua video, na kimechongwa kiwandani kusoma aina fulani za video basi. H.264, hiyo ndo ile wanaandika x264, imekuwepo tangu 2003, kwaiyo karibu kadi zote za kuanzia 2008 hivi zinaisoma bila jasho. HEVC, hiyo ndo ile wanaandika x265, ilitoka 2013, na AV1 ikaja 2018. Kadi iliyotoka kiwandani kabla ya hapo itaijulia wapi? Programu ikiiuliza kadi "hii unaiweza?" ikajibiwa hapana, mzigo wote unahamia kwa prosesa. Prosesa ikiwa na nguvu hutajua kama kuna kitu kimetokea, video inacheza tu. Ikiwa Core 2 Duo ndo yale ya Jumamosi.

Sasa lile la "apdeti draiva itakubali", hili naomba tuelewane vizuri mana watu wanapoteza bando. Draiva ni programu ya kukalimani kati ya Windows na kadi, haiwezi kuongeza kijisehemu ambacho hakimo kwenye chipu. Mfano mzuri ni kadi mbili za NVIDIA, GTX 970 na GTX 960. 970 ndo kubwa, ilitoka 2014, kwenye magemu inaiacha mbali mwenzake, lakini 960 iliyokuja Januari 2015 ndo iliyowekewa kisomaji kamili cha HEVC mpaka ya biti 10, ile 10bit yenye rangi nyingi zaidi. Weka draiva yoyote unayotaka kwenye 970, kisomaji hicho hakiji. Na zile kodeki paki, vifurushi vya programu za kusoma aina mbalimbali za video, ndo kabisa, kwenye chipu ya kadi haziongezi kitu.

Ila kuna sehemu moja draiva ni kila kitu. Ukipiga Windows upya alafu ukienda kwenye orodha ya vifaa (Device Manager) ukakuta imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, ujue kadi yako imelala, hata H.264 haiisomi, kila kitu anabeba prosesa. Hapo weka draiva ya mwisho iliyotolewa kwa kadi hiyo, ichukue kwa mtengenezaji mwenyewe, achana na vile viprogramu vinavyojitangaza kukuapdetia draiva zote.

GB nazo zinauza sana maneno. Mtu anaona GT 730 ya GB 4 na GT 1030 ya GB 2 zimekaa pamoja, anachukua ya GB 4. Kwa video amechukua siyo. Hizo GB ni sehemu ya kuwekea kazi, kusoma video ni kitu kingine kabisa, na GT 730 HEVC haiisomi hata ungeiongezea GB 100. GT 1030 ya 2017 inasoma HEVC ya biti 10 na VP9 (aina ya video ambayo YouTube inaitumia sana), inakula wati 30 tu, haitaki waya wa ziada wa umeme, ndo mana huwa naiunga mkono kwa mashine za mtumba. AV1 haisomi lakini, hilo ulijue kabla hujatoa hela.

Na usidhani kununua mpya ndo umemaliza. RX 6400 ya AMD ilitoka 2022, RX 6000 wenzake wakubwa waliotangulia 2020 wanasoma AV1, yeye haisomi. Kwaiyo mwaka kwenye boksi haukwambii kitu, angalia chipu yenyewe inasoma nini. Kwenye Windows kuna kiprogramu kinaitwa DXVA Checker kinakutolea orodha ya kila aina ambayo kadi yako inaiweza, Linux andika vainfo, hasa kwa kadi za AMD na Intel. Hiyo orodha ndo jibu, sio maneno ya muuzaji wala ya kwangu.

YouTube nayo watu wanasingizia intaneti. Unakuta video imeshapakia mbele kabisa, mstari ule wa kijivu unauona umeenda, lakini picha inarukaruka. Hapo mtandao hauna kosa, YouTube imekupa VP9 au AV1 na kadi yako haizijui. Bonyeza kulia juu ya video ufungue zile takwimu (Stats for nerds), ukiona av01 au vp09 ndo hivo, avc1 ni H.264. Kuna nyongeza ya brauza inaitwa h264ify, inailazimisha YouTube ikupe H.264, 4K utaikosa lakini 1080p itaenda safi. Kwa mashine ya zamani hiyo ni dawa ya bure, sioni kwa nini mtu akatupe kompyuta kabla hajaijaribu.

Alafu ile ya sauti ipo picha nyeusi, au rangi za kijani zimetapakaa, watu wanasema kadi imekufa. Mara nyingi haijafa. Kwenye VLC ingia mipangilio ya video, badilisha njia ya kutolea picha kutoka Direct3D11 uweke Direct3D9, ikigoma zima kabisa ule usaidizi wa kadi kwenye sehemu ya kodeki ujaribu tena. Na kama kwenye Task Manager huoni sehemu ya GPU usishtuke pia, draiva za zamani sana haziitokezi pale hata kama kadi inapiga kazi.

Jirani hakununua kadi nyingine. Muvi za x265 alizokuwa nazo nikazichukua kwenye mashine yangu nikazigeuza kuwa x264 kwa programu ya HandBrake, usiku mzima zilikuwa zinasaga, nne tu. Na yule kijana anayemwingizia muvi kwenye flashi sa hivi anaambiwa mapema, soma jina la faili kwanza, ikiwa na x265 acha hukohuko.