Mboji ya Mtaani Kisumu: Yanayosemwa na Ukweli Wake

"Mboji italeta harufu mtaani." Hili ndilo la kwanza kusikika kikundi cha kujitolea kikiomba kipande cha uwanja cha kutengenezea mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza, mtaani Manyatta au Nyalenda. Kinachonuka ni uozo uliokosa hewa. Mabaki ya mama mboga, majani ya kabeji, maganda ya viazi na nyanya zilizopondeka, yana maji mengi; ukiyarundika peke yake yanashikana, hewa inakosa njia, na harufu ya yai viza inatoka. Dawa ni vitu vikavu. Kwa kila ndoo ya mabichi, tia ndoo mbili za majani makavu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Vumbi la mbao la maseremala litumie kidogo, maana huchelewa kuoza. Kisha chukua konzi moja uikamue: yakidondoka matone mawili matatu, sawa, maji yakichuruzika, ongeza makavu. Rundo linalogeuzwa kila wiki na kufunikwa turubai kabla ya mvua ya alasiri hunukia udongo.

"Si hata jaani chakula huoza tu?" Huoza, ila kikifukiwa chini ya taka nyingine bila hewa hutoa methani, gesi inayonasa joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100.

"Panya watajaa." Watakuja ukiweka ugali, nyama au mabaki ya mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyotolewa minofu. Vitu hivyo visiingie kwenye rundo la mtaa. Maganda ya machungwa na vitunguu, ambayo wengi huyaogopa, hayana shida.

"Magugumaji ya ziwani yakitiwa kwenye mboji yataota shambani." Hofu hii ina msingi, kwa sababu mbegu zake hukaa hai miaka mingi. Lakini rundo la mita moja kwenda juu na mita moja upana huweza kufika nyuzi 55 hadi 65, na joto hilo likidumu siku kadhaa huua mbegu nyingi, mradi yaliyo pembeni yageuzwe yaingie katikati. Tahadhari yangu ni nyingine: usiyavune karibu na mifereji ya maji taka, maana mmea huu hufyonza metali nzito zenye sumu.

"Ukiwa na mboji huhitaji mbolea ya dukani." Hapa wapenzi wa mboji ndio tunaopotosha. DAP, mbolea ya dukani ya kupandia, ina nitrojeni asilimia 18. Mboji mara nyingi asilimia 1 hadi 2. Kazi yake kubwa ni kuulegeza udongo na kuufanya ushike maji na virutubisho, na kwa udongo mweusi wa Kano unaopasuka kiangazi, hiyo ni faida kubwa. Mahindi yenye njaa ya nitrojeni bado yatataka nyongeza.

"Wale wa kujitolea wana mfadhili, watachambua taka wenyewe." Hii ndiyo inayoniuma. Ni vijana na akina mama walioacha shughuli zao Jumamosi asubuhi. Ndani ya ndoo ya maganda wanakuta nepi, vifuniko vya soda, vipande vya chupa. Wembe uliojificha kwenye maganda ya ndizi hauonekani mpaka umekata kidole. Plastiki nayo ikishakatikakatika ndani ya mboji, kuitoa yote haiwezekani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka, yaani nyumbani kwako. Ndoo mbili jikoni zinatosha, ile ya mabaki iwe na kifuniko. Na ukipata saa moja Jumamosi, nenda ukasaidie kugeuza rundo. Hiyo ndiyo kazi inayokosa watu zaidi.