Mpira ni wa nani, na kwa sekunde ngapi?

Kwenye viwanja vya shule, uwe Bahi, Kongwa au Dodoma mjini, si ajabu mwalimu yule yule wa michezo akachezesha soka na netiboli jioni moja. Hapo ndipo ubishi mwingi unapozaliwa: sheria ya mchezo mmoja inabebwa kwenda kuamua mwingine.

Katika soka, mchezaji wa ndani, yaani asiye kipa, hana kikomo cha muda. Akiamua kukaa na mpira kwenye kibendera cha kona, mashabiki watazomea lakini refa hana cha kupuliza. Anaruhusiwa kuukinga kwa mwili, mradi uko karibu kiasi cha yeye kuucheza, na asimzuie mpinzani kwa mikono. Mpinzani naye anaruhusiwa kumsukuma bega kwa bega. Mpira ukiwa mbali, halafu mtu akasimama makusudi kumkatia mwenzake njia, huko si kukinga tena, ni kosa.

Anayehesabiwa muda ni kipa. Tangu msimu wa 2025/26 amepewa sekunde 8 za kushika mpira kwa mikono, na refa huonyesha 5 za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Zikipita, wapinzani wanapata kona, upande ulio karibu na aliposimama kipa. Ile sheria ya zamani ya sekunde 6 ilikuwa na adhabu ya mpira usio wa moja kwa moja (si goli mpaka uguswe na mchezaji mwingine) ndani ya eneo la penalti. Adhabu yenyewe ilikuwa nzito, ndiyo maana marefa wengi waliifumbia macho. Hesabu huanza kipa akishaudhibiti mpira vizuri, siyo akiwa bado amelaliwa na washambuliaji.

Kudundisha chini au kuurusha juu kidogo bado ni kuushika: sekunde zinaendelea, na hakuna ruhusa ya kumpokonya. Akiuweka chini akauchezea kwa mguu, ameuachia. Akiudaka tena kabla haujaguswa na mchezaji mwingine, ni adhabu isiyo ya moja kwa moja. Adhabu ni hiyo hiyo akidaka mpira aliopigiwa makusudi na mwenzake kwa mguu, sheria iliyoanza mwaka 1992, au uliorushwa na mwenzake moja kwa moja kutoka pembeni. Kichwa, kifua na goti vinaruhusiwa. Ila beki anayeunyanyua mpira kwa mguu ili aupige kichwa kwa kipa, kwa hila ya kukwepa sheria, anaonyeshwa kadi ya njano.

Netiboli haina subira hiyo. Ukishika mpira una sekunde 3 za kutoa pasi au kufunga. Mguu uliotangulia kutua unaweza kuunyanyua, lakini mpira uwe umetoka mkononi kabla mguu huo haujagusa tena ardhi. Mlinzi akae angalau mita 0.9, zikipimwa kutoka kwenye mguu huo uliotua.

Kwenye kikapu timu ina sekunde 8 za kuvusha mpira nusu yake na 24 za kurusha goli. Mpira ukigonga chuma na washambuliaji wakaudaka wenyewe, saa inawekwa kwenye 14 tu. Mpira wa mikono: hatua 3, sekunde 3.

Mistari nayo inawachanganya wengi. Katika soka mpira hutoka ukivuka mstari mzima mzima, chini au angani. Mguu wa mchezaji kuwa nje si hoja. Mzingo wa mpira ni sentimita 68 hadi 70, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni kama 11. Maana yake sehemu inayogusa vumbi inaweza kuwa karibu sentimita 11 nje ya mstari na mpira bado uko ndani. Mshika kibendera asiyesimama sambamba na mstari atakosea. Kwenye netiboli mstari ni sehemu ya uwanja, ukiukanyaga na mpira uko salama. Kwenye kikapu, kuukanyaga ni kutoka.

Upepo wa hapa huifuta chokaa kabla ya mapumziko. Wenyeji wawe na ndoo ya akiba, waichore tena mistari kabla ya kipindi cha pili, upana wa ile ya soka usizidi sentimita 12. Wasitumie chokaa ambayo haijazimwa, kwani huunguza ngozi na macho.