Mapato ya Filamu na Kipimo Anachokichagua Mwandishi

Mwezi Aprili 2025, filamu ya Sinners ya mwongozaji Ryan Coogler ilipoingia katika kumbi za sinema, jarida la Variety la Marekani liliripoti kwamba imekusanya dola milioni 61 duniani kote katika siku zake za mwanzo, likaongeza papo hapo kwamba, kwa kuwa filamu hiyo imegharimu dola milioni 90 kabla ya gharama za kuitangaza, faida bado iko mbali. Taarifa hiyo haikuwa na tarakimu ya uongo. Hata hivyo wengi waliilalamikia hadharani, akiwemo mwigizaji Ben Stiller, na kwa maoni yangu walikuwa na hoja. Mwaka 2019 filamu ya Quentin Tarantino, Once Upon a Time in Hollywood, ambayo gharama yake ilikaribiana na hiyo, ilianza Marekani na Kanada kwa takriban dola milioni 41, ikapokelewa kwa pongezi kwamba mwongozaji huyo hajawahi kuanza vizuri kiasi hicho. Sinners ilianza huko huko kwa dola milioni 48.

Upendeleo wa aina hii ni mgumu kuutambua, kwa sababu haumo katika hesabu bali katika kipimo kinachowekwa kando ya hesabu. Filamu moja hupimwa kwa gharama yake, nyingine kwa kazi zilizotangulia za aliyeiongoza, na mara nyingi mwandishi hajiulizi hata kidogo kwa nini amebadilisha mizani.

Tarakimu zenyewe nazo zinahitaji tahadhari. Zile zinazotangazwa Jumapili ya wikendi ya kwanza ni makadirio yanayotolewa na kampuni za filamu zenyewe, wakati watazamaji wengi wa siku hiyo hawajakata tiketi. Hesabu kamili hutoka Jumatatu. Sinners ilikadiriwa Jumapili kupata dola milioni 45.6, kisha Jumatatu zikaongezeka zaidi ya milioni mbili, lakini vichwa vya habari vilikwisha kusambaa.

Zaidi ya hayo, fedha za tiketi haziendi zote kwa kampuni ya filamu. Marekani, karibu nusu hubaki kwa wenye kumbi, na China kampuni ya kigeni hupata takriban robo tu, hivyo dola milioni 100 zilizokusanywa China haziwezi kuhesabiwa sawa na milioni 100 za Marekani. Kwa upande mwingine, filamu huendelea kuingiza fedha kupitia televisheni na huduma za intaneti baada ya kuondoka kumbini. Kwa hiyo anayechukua mapato ya siku tatu za mwanzo akayatoa katika gharama bado hajajua kama filamu imeleta faida au hasara.

Kinachoeleza zaidi ni wikendi ya pili, pale watazamaji wa kwanza wanapokuwa wamewasimulia wenzao. Filamu nyingi kubwa hupoteza nusu ya mapato yake au zaidi. Titanic, iliyoandikwa kwa miezi kama hasara inayosubiriwa, ilianza Desemba 1997 kwa chini ya dola milioni 29, kisha ikashika nafasi ya kwanza Marekani kwa wikendi 15 mfululizo. Katika wikendi yake ya pili, mapato ya Sinners yalishuka kwa takriban asilimia 5 tu, na ilipomaliza kuonyeshwa ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 360 duniani.